Sura ya Sita: Mstari wa Pili wa Ratiba

Anayekopeshwa nyumba na benki hukabidhiwa, pamoja na mkataba, karatasi kadhaa zilizojaa tarakimu. Hiyo ndiyo ratiba ya marejesho. Wengi huipekua mara moja tu, wakatafuta kiasi cha kulipa kila mwezi, wakapima kama mshahara utatosha, kisha karatasi zikarudi kwenye bahasha ya kaki na bahasha ikaingia kabatini isitoke tena. Msomaji mwenye bahasha ya namna hiyo naomba ainuke akaitoe, maana hoja yote ya sura hii imo katika mistari miwili ya mwanzo ya ratiba hiyo. Asiyekuwa nayo atatumia ya mfano: mkopo wa shilingi milioni 90 za Tanzania, riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayokokotolewa juu ya salio, muda wa miaka 20. Mfano huu hauko mbali na hali ilivyo. Taarifa za Benki Kuu ya Tanzania kuhusu mikopo ya nyumba zimekuwa zikitaja riba za kati ya asilimia 15 na 19, baada ya kushuka kutoka asilimia 22 hadi 24 za mwaka 2010. Kwa mkopo huo rejesho la kila mwezi ni shilingi 1,252,130, na miezi ni 240.

Mstari wa kwanza unasomeka hivi: rejesho 1,252,130, riba 1,200,000, deni la msingi 52,130. Usomeni tena. Asilimia 16 ya milioni 90 ni milioni 14.4 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12 upate 1,200,000. Benki inachukua kwanza riba yake ya mwezi, kisha kilichosalia, yaani shilingi elfu 52 na ushei, ndicho kinachopunguza deni. Mkopaji ametoa zaidi ya milioni moja na robo, lakini nyumba yake imesogea kuwa yake kwa fedha isiyotosha hata mifuko minne ya saruji. Mstari wa pili unafanana na wa kwanza, ila riba imeshuka kidogo mno, 1,199,305, na deni la msingi limepanda hadi 52,825. Mambo yanakwenda kwa mwendo huo wa konokono mwaka mzima. Ukijumlisha mistari 12 ya kwanza unakuta mkopaji amelipa milioni 15 na deni limepungua kwa shilingi 673,500 hivi. Baada ya miaka 10 atakuwa ametoa milioni 150, na bado atadaiwa milioni 74.7. Nusu ya deni lenyewe, ile milioni 45, itakuwa imelipwa miaka 16 inapokaribia kutimia. Hapa hakuna udanganyifu wa benki wala hesabu za ujanja. Riba hulipwa juu ya kinachodaiwa, na mwanzoni kinachodaiwa ni karibu chote.

Sasa tuchukue siku ya kulipa rejesho la kwanza. Tuseme mkopaji, pamoja na 1,252,130 zake, ameongeza shilingi 52,825 na kuiagiza benki izipeleke moja kwa moja kwenye deni la msingi. Salio linashuka siku hiyohiyo hadi pale ambapo ratiba ilitarajia lifike mwezi wa pili. Mwezi unaofuata mkopaji anaanzia mstari wa tatu. Mstari wa pili umefutika, na riba yake ya shilingi 1,199,305 haitalipwa kamwe, si kwa sasa wala baadaye. Deni litakwisha kwa miezi 239 badala ya 240. Akisubiri mwisho wa mwaka wa kwanza na kuongeza kwa mkupuo shilingi 790,000 hivi, anafuta mistari yote ya mwaka wa pili, mwaka ambao ungemgharimu marejesho ya milioni 15. Ndiyo maana nasema ratiba isomwe. Aliyeiona safu ya deni la msingi ikiwa na tarakimu ndogo kiasi kile hatajiuliza tena kama elfu 50 ni kitu.

Msomaji makini atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema: mstari uliofutwa ni wa pili kwa hesabu, lakini rejesho ambalo mtu haendi kulilipa ni la mwisho, miaka 20 kutoka leo, na milioni moja ya wakati huo si milioni ya leo. Ni kweli kabisa, na wanaouza ushauri wa fedha kwa kutaja jumla kubwa za mwisho wa mkopo huruka jambo hili. Shilingi 52,825 haizai milioni 1.2 kwa miujiza. Inakua kwa asilimia 16 kwa mwaka, riba juu ya riba, kwa muda wa karibu miaka 20, na hapo inafika kwenye kiasi cha rejesho la mwisho. Kwa hiyo kipimo cha haki si ile jumla kubwa. Kipimo ni kiwango cha riba ya mkopo wenyewe. Kila shilingi ya ziada inayoingia kwenye deni inampa mwenye nyumba faida ya asilimia 16 kwa mwaka, ya hakika, isiyokatwa kodi wala ada ya dalali, tangu siku inapoingia hadi siku deni linapokwisha. Swali la sura hii basi ni moja: je, mtu wa kipato cha mshahara ana mahali pengine pa kuweka shilingi elfu 50 kwa mwezi ambapo atapata asilimia 16 bila kuihatarisha? Jibu langu ni kwamba hana, na kurasa zinazofuata ni za kulitetea jibu hilo.

Kwanza nionyeshe ukubwa wa jambo. Elfu 50 ya ziada kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, inaumaliza mkopo wetu wa mfano kwa miezi 192, yaani miaka 16. Miaka minne ya marejesho imeondoka. Ziada yote iliyotolewa ni milioni 9.6, marejesho ambayo hayakulipwa ni milioni 60. Akiweza laki moja kwa mwezi, mkopo unakwisha kwa miaka 13 na miezi 9. Angalia kwamba laki moja haikufuta miaka mara mbili ya ile ya elfu 50: ya kwanza ilifuta minne, ya pili imeongeza miwili na robo. Elfu 50 za mwanzo ndizo zenye nguvu kuliko zote, na ni habari njema kwa asiye na kikubwa cha kutoa. Wakati nao una uzito wake. Milioni moja ikiingia kwenye deni mara tu baada ya mkopo kutolewa inafuta miezi 17. Milioni hiyohiyo ikiingia baada ya miaka 10 inafuta karibu miezi minne. Ikiingia baada ya miaka 18 inafuta mwezi mmoja na siku chache. Mwenye kungoja hadi watoto wamalize shule na mambo yakae sawa ndipo aanze kupunguza deni, anangoja hadi dawa iishe makali.

Kuna pingamizi linalokuja kutoka mbali, na linarudiwa sana na vijana waliosoma vitabu vya fedha vya nje. Wanasema kulipa mkopo wa nyumba mapema ni kosa la kihesabu, kwa kuwa fedha hiyo ingewekezwa ingeleta zaidi. Ushauri huo ulizaliwa katika mazingira yake. Mwezi Januari 2021 wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 nchini Marekani ulishuka hadi asilimia 2.65, na riba hiyo haibadiliki hadi mkopo uishe. Mwenye mkopo wa namna hiyo akiweka ziada yake kwenye hisa kwa miaka mingi, ana sababu nzuri ya kutumaini kupata zaidi. Hata nguvu ya ziada huko ni ndogo: mkopo wetu wa milioni 90 kwa miaka 20 ungekuwa na riba ya asilimia 4, milioni ya mwanzo ingefuta miezi minne tu, si 17. Kuibeba hoja ya asilimia 3 na kuileta kwenye mkopo wa asilimia 16 ni kama kuvaa koti la baridi ya Ulaya mchana wa Tanga. Hapa hesabu imegeuka. Deni letu ni ghali, na kwa sababu hiyo kulipunguza ndiko kuwekeza kwenyewe.

Lakini tusiishie kwenye Marekani. Tuangalie vilivyopo mlangoni kwetu. Hati fungani za serikali ya Tanzania ndizo uwekezaji wenye usalama unaokaribia kulipa deni, na riba yake haikatwi kodi. Hati ya miaka 25 ilikuwa ikilipa asilimia 15.95 hadi Aprili 2022, ilipopunguzwa hadi 12.56, ya miaka 20 ikatoka 15.49 hadi 12.10. Viwango vimepanda na kushuka tena tangu hapo. Hata ile ya 15.95 haikufika asilimia 16 ya mfano wetu, na mwenye elfu 50 mkononi asingeweza kuinunua, kwa kuwa kianzio chake ni shilingi milioni moja. Akaunti ya akiba ya kawaida haitajwi hapa. Riba yake ni ndogo mno. Biashara ndogo inaweza kuzaa asilimia 30 au zaidi, sikatai, na aliye na duka linalokwenda vizuri na lina uhaba wa bidhaa rafuni atumie fedha yake huko kwanza. Ila aiite kwa jina lake: ni biashara, ina hasara ndani yake, inataka muda wake na macho yake. Mwalimu au muuguzi anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni hapaswi kuambiwa kwamba ni mjinga kwa sababu alichagua asilimia 16 ya hakika.

Pingamizi la mfumuko wa bei lina mizizi zaidi kwetu, hasa kwa watu wazima. Wanakumbuka miaka ya 1980, mfumuko wa bei Tanzania ulipozidi asilimia 25 kwa mwaka na madeni ya shilingi yakaliwa na wakati. Aliyekopa Benki ya Nyumba enzi hizo aliona rejesho lake likigeuka nauli ya daladala. Benki yenyewe ilifungwa mwaka 1995, na kwa zaidi ya miaka 10 mkopo wa muda mrefu wa nyumba ukawa kama haupo, hadi sheria ya mwaka 2008 na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC, inayozipa benki fedha za muda mrefu za kukopeshea nyumba. Kwa hiyo kumbukumbu hiyo ni ya kweli, ila ni ya zama nyingine. Tangu mwaka 2018 mfumuko wa bei Tanzania umekaa chini ya asilimia 5 kwa wastani wa mwaka. Deni la asilimia 16 pale bei zinapopanda kwa asilimia 4 ni deni linalokua kwa asilimia 12 halisi. Anayengoja shilingi iporomoke ili imsaidie kulipa nyumba ameweka dau juu ya msiba wa nchi nzima, na msiba huo ukija utaukuta mshahara wake nao.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la akiba ya dharura. Fedha iliyoingia kwenye deni la nyumba hairudi kirahisi. Ukiugua, ukipoteza kazi, ukifiwa na kulazimika kusafirisha watu hadi Bukoba, benki haitakurudishia ziada uliyolipa miaka mitatu iliyopita. Itakudai rejesho la mwezi huu kama kawaida. Tena, kuwa mbele kwa ziada hakuzuii hatua za kisheria mtu akishindwa kulipa. Kwa sababu hiyo sishauri mtu aanze ziada kabla ya kuwa na akiba ya marejesho ya miezi mitatu, pamoja na chakula cha muda huo, mahali anapoweza kuifikia ndani ya siku moja au mbili. Na aliye na madeni madogo ya simu, iwe Songesha kwa Tanzania au Fuliza kwa Kenya, ayamalize hayo kwanza. Yanakatwa ada kwa siku, na ukiyapigia hesabu ya mwaka asilimia 16 itaonekana ni huruma. Akiba ikishatosha, hoja ya dharura inakuwa imejibiwa. Wengi huendelea kuitumia baada ya hapo kama kisingizio, na fedha inakaa kwenye akaunti ya mshahara hadi inapotea kwa vitu visivyokumbukwa.

Sasa mkataba. Hapa ndipo nia njema nyingi hufia. Jambo la kujua kabla ya yote ni namna riba inavyokokotolewa. Kila nilichosema hadi sasa kinahusu riba juu ya salio, ile inayopungua kadiri deni linavyopungua. Wako wakopeshaji, hasa baadhi ya vikundi na taasisi ndogo za fedha, wanaopiga riba juu ya mkopo wote wa awali kwa muda wote, ulipe haraka usilipe. Kwa mkopo wa namna hiyo ziada haifuti riba yoyote isipokuwa mkataba useme kuna punguzo la kumaliza mapema. Muulize mkopeshaji kwa maneno ya wazi: nikilipa milioni moja ya ziada leo, riba ya mwezi ujao itakuwa kiasi gani? Asipotaja kiasi kidogo kuliko cha sasa, tunza fedha yako.

Waislamu wanaotumia benki zisizotoza riba wanapaswa kuuliza swali hilo kwa namna nyingine, na wako wengi pwani na visiwani wanaohusika. Katika murabaha benki hununua nyumba na kukuuzia kwa bei iliyopandishwa, na bei hiyo ikishaandikwa ni deni kamili. Kulipa mapema hakuipunguzi kwa haki, ingawa benki inaweza kukusamehe sehemu ya faida yake kwa hiari. Katika ushirika unaopungua, ambapo wewe na benki mnamiliki nyumba kwa pamoja na wewe unanunua hisa zake polepole huku ukilipa kodi ya sehemu iliyobaki, kila hisa unayoinunua mapema inashusha kodi ya mwezi unaofuata. Nguvu ya ziada inarudi. Kwa hiyo mwenye uchaguzi kati ya mikataba hiyo miwili, na mwenye nia ya kumaliza mapema, anafanya vyema kuegemea wa pili, mengine yakiwa sawa.

Jambo linalofuata ni agizo. Ukiweka fedha zaidi kwenye akaunti ya mkopo bila kusema kitu, mfumo wa benki nyingi huziacha zikae pale zikingoja tarehe ya rejesho lijalo. Zitakatwa kama rejesho la kawaida, na wewe hujafuta mstari wowote. Barua inahitajika, iwe na nakala iliyogongwa muhuri, ikisema mambo mawili: kwamba ziada iende kwenye deni la msingi siku inapoingia, na kwamba rejesho la mwezi libaki lilelile, muda ndio upungue. Sehemu ya pili ni muhimu kama ya kwanza. Benki ikipunguza rejesho na kuacha muda ule wa miaka 20, mkopaji anapata ahueni ndogo ya kila mwezi ambayo italiwa na matumizi, na sehemu kubwa ya faida inapotea. Benki nyingine hukubali ziada kuanzia kiasi fulani tu, au mara chache kwa mwaka. Kama ndivyo, ikusanye pembeni na kuipeleka kwa mkupuo. Nyingine hutoza ada ya kulipa kabla ya muda. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 85, imeweka mpaka kwa anayetaka kuukomboa mkopo wote kabla ya muda: anaweza kutakiwa kutoa taarifa ya mwezi mmoja na kulipa riba isiyozidi ya mwezi mmoja. Ada ya namna hiyo hurudi ndani ya muda mfupi kwa mkopo uliobakiza miaka mingi. Kwa ziada ndogondogo, ada ya kila mara inaweza kula faida, na hapo ndipo mkupuo wa mara moja kwa mwaka unapofaa.

Wakenya wana hoja yao ya pekee, nayo ni nafuu ya kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 riba ya mkopo wa nyumba ya kuishi inaondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi hadi shilingi 360,000 za Kenya kwa mwaka, kutoka 300,000 za awali. Baadhi hufikiri kwamba kupunguza deni ni kuitupa nafuu hiyo. Fanya hesabu. Kwa anayekatwa kodi ya asilimia 30, nafuu yote ni shilingi 108,000 kwa mwaka. Mkopo wa milioni 9 kwa asilimia 14 unazaa riba ya milioni 1.26 mwaka wa kwanza, na laki tisa za riba hiyo hazipati nafuu yoyote. Ziada inaanza kuila sehemu hiyo isiyo na nafuu, tena kwa miaka mingi, kabla ya kuigusa ile yenye nafuu. Wakenya pia wameonja kitu ambacho Mtanzania anaweza kujifunza bila kuumia: riba inayopanda katikati ya safari. Sheria iliyowekea riba kikomo ilianza Septemba 2016 ikaondolewa Novemba 2019, na Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake elekezi hadi asilimia 13. Waliokuwa na mikopo ya riba inayobadilika walipandishiwa rejesho au wakaongezewa muda. Aliyekuwa amelipunguza deni lake mapema alipandishiwa juu ya salio dogo. Hiyo ni kinga ambayo huwezi kuinunua siku riba imeshapanda.

Na riba ikishuka? Hapo watu hupoteza nafasi nzuri kuliko zote, maana haihitaji kujinyima hata kidogo. Tuseme mkopaji wetu amejadiliana na benki, au amehamia nyingine, na riba imeshuka kutoka asilimia 16 hadi 15. Rejesho jipya la miaka 20 lingekuwa 1,185,000 hivi, na mtu atafurahia elfu 67 za kila mwezi zilizorudi mfukoni. Akikataa furaha hiyo na kuendelea kulipa zile 1,252,130 alizokwisha kuzizoea, mkopo unakwisha kwa miaka 15 na miezi minne. Hajaongeza shilingi moja juu ya maisha yake ya jana. Vivyo hivyo nyongeza ya mshahara: ya kwanza baada ya kupata mkopo, nusu yake ipelekwe kwenye deni kabla nyumba haijaizoea. Upatu ukikuangukia, malimbikizo yakilipwa, ada ya mtoto aliyemaliza chuo ikikoma, hizo ni fedha ambazo jana hazikuwa sehemu ya bajeti.

Nimeacha kubana matumizi mwishoni kwa makusudi, kwa kuwa ndiko wengi huanzia, na ndiko hukata tamaa. Elfu 50 kwa mwezi ni shilingi 1,670 kwa siku, inayokaribia bei ya sahani ya wali maharage kwa mama lishe. Sisemi mtu aache kula. Nasema kiasi hicho ndicho kinachovuja bila kuonekana: ada za kutuma na kutoa fedha kwa simu mara nne kwa juma badala ya mara moja, vifurushi vya siku vinavyonunuliwa kila asubuhi na mtu ambaye angelipia cha mwezi, bodaboda ya umbali wa dakika kumi kwa miguu, taa ya nje inayowaka hadi saa nne asubuhi. Kubana kunakogusa shule ya watoto, dawa, au heshima ya mtu mbele ya ndugu zake wanaomtegemea hakudumu, na sikupendekezi. Anayeshindwa mwezi huu asilipe ziada mwezi huu. Uzuri wake ni kwamba hakuna faini.

Watu wetu wanaujua mwendo huu kuliko wanavyodhani. Wengi wa wenye nyumba Afrika Mashariki hawakukopa benki. Wamejenga tofali kwa tofali, na ushahidi unaonekana kila mtaa mpya: kuta zisizo na paa, nguzo zenye nondo zilizoachwa zichomoze zikingoja ghorofa ya mwaka ambao haujafika, lundo la mawe lililoota nyasi. Mjenzi wa namna hiyo anajua kwamba fedha isiyogeuzwa kuwa kitu itapotea, ndiyo maana akipata elfu 60 mwisho wa mwezi hununua tofali siku hiyohiyo. Anajua pia kwamba saruji ikikaa stoo muda mrefu huganda ndani ya mfuko. Mwenye mkopo wa benki amehamia kwenye nyumba iliyokamilika, na kwa kuwa haoni ukuta unaosubiri, anadhani ujenzi umekwisha. Kwenye ratiba yake ujenzi haujafika hata kwenye msingi. Tofali zake ni ile safu ya deni la msingi, na mwaka huu ndio zinapopatikana kwa bei ya chini kuliko mwaka wowote ujao.

Siku salio litakapofika sifuri, iwe mwaka wa 20 au wa 14, benki itatoa barua ya kuthibitisha kwamba haikudai tena. Barua hiyo peke yake haitoshi. Rehani iliyosajiliwa juu ya hati yako inabaki kwenye daftari la Msajili wa Hati hadi hati ya kuiondoa itakaposainiwa na benki na kusajiliwa. Dai nyaraka hizo, zipeleke, na usiondoke bila hati yenye kuonyesha kwamba kiwanja na nyumba havina tena deni.